Bwana Shauri Kijana na Barua Zake za Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wanafunzi wa historia, walimu na watu wanaotafuta habari za babu zao huyarudia kila mazungumzo yanapowafikia watawala vijana wa Kiingereza waliofanya kazi katika wilaya za Tanganyika, tangu Waingereza walipoichukua nchi kwa Wajerumani hadi uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Vijana hao waliandika barua nyingi kwa wazazi wao, na nyingi zimehifadhiwa. Majibu yote yanasimama juu ya jambo moja: barua ni ushahidi mzuri wa siku ya aliyeiandika, lakini iliandikwa ili mzazi aliye mbali asipate wasiwasi, na kwa hiyo anayeisoma leo ana wajibu wa kuuliza ni nani wengine walikuwapo siku hiyo na kwa nini hawaonekani.

## Mambo ya msingi

Bwana Shauri alikuwa nani hasa?

Alikuwa afisa wa utawala wa serikali ya kikoloni katika wilaya. Mkuu wao wilayani aliitwa Bwana DC (kifupi cha District Commissioner, yaani mkuu wa wilaya), na juu yake alikuwepo mkuu wa jimbo. Chini ya DC walikuwepo maafisa wasaidizi mmoja au wawili, na wa mwisho kabisa alikuwa kadeti, yaani kijana aliyekuwa bado katika miaka yake ya majaribio. Wenyeji waliwaita wote Bwana Shauri kwa sababu kazi waliyoonekana kuifanya mchana kutwa ilikuwa kusikiliza mashauri, ingawa kadeti mara nyingi aliitwa pia bwana mdogo ili asichanganywe na mkubwa wake.

Waingereza walitawala Tanganyika kwa mamlaka ya Shirikisho la Mataifa kuanzia 1922, na baada ya Vita vya Pili kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925, aliweka utaratibu wa kutawala kupitia watemi, mamangi na machifu wengine, na sheria ya 1926 ikawapa mabaraza yao uwezo wa kukusanya kodi na kuamua kesi. Kwa hiyo Bwana Shauri hakuitawala wilaya peke yake hata pale barua zake zinapoonyesha hivyo. Alitegemea chifu, karani, tarishi na mkalimani kwa karibu kila alichokijua.

Kwa nini tunasema “kijana”? Walikuwa na umri gani?

Wengi walifika wakiwa na miaka 22 hadi 25, moja kwa moja kutoka chuo kikuu. Baada ya Vita vya Kwanza na vya Pili walikuja pia waliotoka jeshini, ambao walikuwa wakubwa kidogo na wenye uzoefu wa kuamrisha watu. Umri huu una maana kubwa kwa msomaji. Mtu ambaye kwao hajawahi kulipa kodi ya nyumba alipewa kazi ya kuwadai kodi wazee waliomzidi umri kwa miaka 40, na sauti ya uhakika inayosikika katika barua zake mara nyingi ni sauti ya mtu anayejitia moyo.

Walichaguliwa na kufundishwa vipi?

Tofauti na India, ambako watumishi wa utawala walipatikana kwa mtihani mkali wa ushindani, Wizara ya Makoloni mjini London iliwachagua watu wa Afrika kwa usaili na barua za mapendekezo. Aliyesimamia uchaguzi huo kwa miaka mingi alikuwa Ralph Furse, ambaye alithamini tabia, malezi ya shule za bweni na uwezo wa kuongoza wenzake kuliko alama za darasani. Matokeo yake ni kwamba vijana hao walitoka katika tabaka linalofanana, na jambo hilo linaeleza mengi kuhusu lugha ya barua zao.

Kuanzia 1926 waliochaguliwa walipelekwa kwanza Oxford au Cambridge kwa kozi iliyojumuisha sheria, upimaji, kilimo cha nchi za joto, elimu ya mila na lugha ya mahali waendako. Baada ya Vita vya Pili kozi hizo zilipanuliwa. Hata hivyo kazi yenyewe ilifundishwa bomani, yaani katika makao ya serikali wilayani, na walimu wa kweli wa kadeti walikuwa karani mkuu na tarishi mzee.

## Siku bomani

Siku yake ya kawaida ilikwendaje?

Aliamka alfajiri. Mtumishi alimletea chai, naye akaenda kuangalia gwaride la polisi wakati bendera inapandishwa. Baadhi ya wakuu walimtaka kadeti akague jela kabla ya kifungua kinywa, asome kipima mvua na kuandika kiasi cha mvua katika daftari. Ofisi ilifunguliwa asubuhi na mapema, na kufikia saa mbili barazani palikuwa pamejaa watu: mwenye kesi ya ng’ombe, mjane anayedai mirathi, kijana anayetaka cheti cha kodi kilichopotea, mfanyabiashara wa Kihindi anayetaka leseni.

Kazi iliyowachosha vijana wengi haikuwa mashauri bali hesabu. Penye boma lisilo na mhasibu, kadeti ndiye aliyesimamia hazina ndogo ya wilaya, na fedha ya kodi ilifika kwa shilingi na senti ndani ya mifuko, ikahesabiwa mezani, ikapangwa mafungumafungu na kulinganishwa na stakabadhi za watozaji kabla ya kufungiwa katika sanduku la chuma. Upungufu wa shilingi chache ulimfanya akeshe. Katika barua hizi utakuta malalamiko juu ya daftari la fedha mara nyingi kuliko habari za simba.

Jioni kulikuwa na tenisi, matembezi na bunduki, au kuogelea kwa waliokuwa pwani na ziwani. Kisha maji ya moto kwenye beseni la bati, chakula, taa, na kulala mapema. Katika vituo vya mbali Wazungu walikuwa watatu au wanne tu, na waliokosana walilazimika kuendelea kukutana kila siku.

Je, ni kweli kwamba kijana asiye mwanasheria alikuwa hakimu?

Ndiyo. Kadeti alipewa uwezo wa hakimu wa daraja la tatu, na uwezo huo ulipanda kadiri alivyofaulu mitihani ya sheria na kupata uzoefu. Aliweza kumfunga mtu aliyekamatwa na tarishi wa boma lilelile analofanyia kazi, kwa kosa la kutotii amri iliyotolewa na mkuu wake mwenyewe. Mpelelezi, mtawala na hakimu walikaa meza moja. Vijana wachache walieleza wazi katika barua kwamba mpangilio huo uliwasumbua, lakini wengi waliueleza kama jambo la kawaida.

Alikaa wapi, na aliishi na nani?

Mabomani kwingi Waingereza walirithi majengo ya Wajerumani, yenye kuta nene na minara kwa sababu yalijengwa kama ngome. Boma la Arusha la 1900 leo ni makumbusho, na la Iringa vilevile. Boma la Mikindani la 1895 bado limesimama juu ya mji. Nyumba za maafisa zilikuwa jirani, zenye baraza pana na wavu wa kuzuia mbu, katika sehemu ambayo wakazi wa miji yetu hadi leo huiita Uzunguni.

Katika barua kijana huandika kwamba anaishi peke yake. Ukihesabu watu waliokuwa katika kiwanja kile utamkuta mpishi, boi wa nyumbani, dobi, mchota maji, mtunza bustani, pengine na mchunga farasi, pamoja na wake na watoto wa baadhi yao katika nyumba za nyuma. Hakuwa peke yake hata siku moja. Alichokuwa anamweleza mama yake ni kwamba hakuwa na Mzungu mwenzake.

Alikula nini, na aliugua nini?

Alikula kuku, mayai, ndizi, mapapai na vyakula vya makopo vilivyoagizwa kutoka Dar es Salaam au dukani kwa Mhindi wa karibu. Mkate uliokwa na mpishi katika debe la mafuta ya taa lililowekewa makaa chini na juu, na kwa kadeti aliyezoea tanuri la kwao ustadi huo ulitosha kujaza nusu ya barua. Jina la mpishi, kwa bahati mbaya, mara nyingi halimo (tazama jibu kuhusu majina, katika sehemu ya yasiyoandikwa).

Ugonjwa mkubwa ulikuwa malaria. Kila jioni alitakiwa kumeza kwinini na kulala ndani ya chandarua. Homa ya mkojo mweusi iliua wengi katika miaka ya mwanzo. Hapa barua si za kuaminika sana, kwa kuwa kijana aliyekuwa na homa kali aliandika kwamba alikuwa na mafua kidogo, na ukweli unapatikana katika majalada ya boma yanayoonyesha kwamba wiki hiyo hakusaini hata karatasi moja.

Je, walikijua Kiswahili kweli?

Walilazimika. Kadeti hakuthibitishwa kazini mpaka afaulu mtihani wa Kiswahili, kuandika na kuzungumza. Miongoni mwao walitokea waliokipenda na kukimudu vizuri, na wapo waliokwama kwenye Kiswahili cha kuamrisha kisichozidi lete, peleka na ngoja. Mnamo 1930 serikali za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ziliunda kamati ya kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, na vitabu vya mitihani vikafuata usanifu huo.

Lakini katika wilaya nyingi Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya pili kwa wote wawili. Mama wa Kigogo au mzee wa Kisukuma alisema kwa lugha yake, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, Bwana Shauri akaandika kwa Kiingereza. Ushahidi ulipita midomo miwili kabla ya kufika kwenye karatasi, na hukumu ikarudi kwa njia hiyohiyo.

## Safari

Kwa nini barua nyingi sana zinahusu safari?

Kwa sababu safari ndiyo sehemu ya kazi waliyoipenda, na pia kwa sababu usiku wa kambini ulikuwa na nafasi ya kuandika. Serikali ilimtaka afisa atumie siku nyingi za mwezi nje ya boma, kijiji hadi kijiji, akikagua vitabu vya kodi, mabaraza ya machifu, visima, barabara na mashamba ya akiba ya njaa kama vile mihogo.

Kabla ya barabara za lori kuenea alikwenda kwa miguu na wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa yapata kilo 25, na ukiorodhesha vilivyobebwa utaelewa maisha yalivyopangwa: hema, kitanda cha kukunja na chandarua, meza na kiti, beseni la kuogea, sanduku la vyombo, sanduku la makopo, taa, masanduku ya karatasi za serikali, na la fedha likiwa na askari pembeni. Watu walianza kutembea kabla jua halijachomoza ili wafike kambini kabla ya joto la mchana. Mpishi alitangulia. Bwana alipofika alikuta chai tayari, na hema limekwisha kusimamishwa mahali alipochagua tarishi kwa sababu alijua maji yako wapi na chifu anapenda kupokea wageni upande gani.

Usiku aliwasha taa na kuanza kuandika. Msimu wa mvua za kwanza kumbikumbi walijaa kwenye mwanga, wakadondosha mbawa juu ya karatasi na kuzama katika wino, naye akalazimika kuhamisha taa mbali na meza na kuendelea karibu gizani. Utaziona kurasa zenye madoa, na mwandiko unaopanda na kushuka kwa sababu ya hali hiyo, wala si dalili ya ulevi kama inavyodhaniwa wakati mwingine.

Je, wapagazi walilipwa?

Walilipwa, kwa kiwango kilichowekwa na serikali, na kiwango hicho kilikuwa kidogo. Swali zito zaidi ni kama walikuwa na hiari. Chifu alipoambiwa alete watu 30 kesho asubuhi, hakuwatafuta waliojitolea. Tena, mtu aliyeshindwa kodi angeweza kuifidia kwa kazi za serikali, kwa hiyo katika msafara mmoja walikuwepo waliotafuta fedha na waliokuwa wakilipa deni. Barua husema tu kwamba wapagazi waliimba njiani.

## Barua zenyewe

Aliandika lini, na kwa nani?

Siku iliyozoeleka ilikuwa Jumapili, au usiku wa kabla ya posta kuondoka. Mama ndiye aliyeandikiwa zaidi. Baba aliandikiwa kuhusu fedha, kupandishwa cheo na siasa, na ndugu waliandikiwa kuhusu uwindaji. Kijana mmoja angeweza kusimulia siku ileile kwa namna tatu, na familia iliyotunza barua zote tatu imetuachia hazina kubwa kuliko iliyotunza moja. Baadhi ya mama walizipanga kwa tarehe na kuzifunga kwa utepe, na kwa utunzaji huo ndipo historia hii imetufikia. Barua za mama kwenda Tanganyika karibu zote zimepotea, kwa kuwa upande huu mchwa, unyevu na uhamisho wa kila mara havikuacha karatasi.

Barua ilifikaje Uingereza, na kwa muda gani?

Katika miaka ya 1920 ilianza kwa miguu. Tarishi wa posta alibeba mfuko kutoka boma la mbali hadi kituo cha reli, pengine safari ya siku kadhaa, kisha garimoshi likaupeleka Dar es Salaam au Tanga, na meli ikapita Mombasa, Aden na mfereji wa Suez. Baharini peke yake palichukua wiki tatu hadi nne. Jibu la swali dogo lilihitaji zaidi ya miezi miwili, na mara nyingi habari za mgonjwa zilimfikia kijana wakati mgonjwa amekwisha kupona au kuzikwa.

Mnamo 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kupeleka barua kutoka London hadi Mwanza, na safari ikawa ya siku badala ya wiki, ila kwa malipo ya ziada. Mwaka 1937 malipo hayo yaliondolewa na barua za kawaida zikaanza kwenda kwa ndege, zikibebwa na ndege za majini zilizotua Dar es Salaam na Lindi. Mabadiliko haya yanaonekana katika maandishi. Barua za meli ni ndefu, zimeandikwa kwa siku nyingi kama shajara. Za ndege ni fupi na zina haraka, na karatasi yake ni nyepesi mno.

Je, zilikaguliwa na serikali?

Wakati wa Vita vya Pili, ndiyo, barua zilifunguliwa na wakaguzi. Nyakati nyingine mwandishi alijikagua mwenyewe, kwani kanuni zilimkataza mtumishi wa serikali kuandika magazetini bila ruhusa, naye alijua barua ya kijana aliye Afrika husomwa kwa sauti sebuleni mbele ya shangazi na mchungaji wa kanisa.

Kwa nini barua za watu tofauti zinafanana sana?

Walisoma shule zinazofanana, walifuata utaratibu uleule wa kazi, na waliandika kwa msomaji wa aina moja. Ndiyo maana utakutana tena na tena na nyoka bafuni, mpishi aliyeelewa vibaya agizo, simba aliyesikika usiku na mzee mwenye busara asiye na jina. Nashauri msomaji asitumie muda mwingi hapo. Atafute mahali ambapo barua inakatika ghafla, au ambapo kijana anataja jambo kwa sentensi moja na kukimbilia habari za hali ya hewa.

## Yasiyoandikwa

Kwa nini majina ya Waafrika hayaonekani?

Yapo machache, hasa ya machifu na ya mtumishi wa muda mrefu. Wengine ni “boi wangu”, “tarishi wangu”, “watu wangu”. Mama aliyesoma barua hakuwajua, na kijana hakuona sababu ya kumtajia. Wapo pia walioitwa kwa jina moja tu la utani lililobuniwa na bwana, kiasi kwamba hata mjukuu wake hawezi kumtambua. Kwangu mimi hili ndilo pengo linaloumiza kuliko yote, kwa sababu mtu angeweza kumpikia mwenzake miaka kumi, akamuuguza homa zake zote, na asibaki hata na jina katika kurasa mia tano.

Kodi inatajwa vipi?

Hutajwa kama kazi ya msimu, kama mvua. Kodi ya nyumba ilitozwa tangu wakati wa Wajerumani, Waingereza wakaendelea kutoza ya nyumba na ya kichwa, na kwa ajili yake watu wengi walitoka makwao kwenda kwenye mashamba ya mkonge ili wapate fedha taslimu. Wakati wa Vita vya Pili serikali ilifika mbali zaidi na kuwalazimisha wanaume kwenda mashambani, na maafisa wa wilaya ndio waliosimamia kupatikana kwao.

Mfano mzuri wa kulinganisha barua na historia ni wa Upare. Mnamo 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika nje ya boma la Same kupinga kodi iliyojulikana kama mbiru, wakakaa hapo kwa muda mrefu bila fujo. Kwa mtawala, tukio la namna hiyo ni usumbufu wa kiofisi. Kwa walioacha mashamba yao na kulala nje, lilikuwa suala la heshima na haki, na ukumbi wa kuujadili uzito huo haukuwa barua ya Jumapili. Anayesoma barua za Meru za 1951, watu walipoondolewa Ngare Nanyuki, au za Uluguru za 1955, kulipozuka ghasia juu ya kulazimishwa kutengeneza matuta, afanye vivyo hivyo.

Je, wote walikuwa wakatili?

Hapana, na swali likiulizwa hivyo linatupoteza. Walikuwepo wakatili, na viboko vilikuwa adhabu halali iliyotolewa mahakamani. Walikuwepo pia waliojenga visima na shule kwa bidii ya kweli, waliokaa na wagonjwa wakati wa njaa, na walioandikiana na marafiki wa Tanganyika hadi uzeeni. Upole wa mtu mmoja haukubadilisha ukweli kwamba wenyeji hawakumchagua wala hawakuweza kumwondoa. Barua za vijana walio wema zina faida ya pekee kwa sababu hii: ndani yake unaona mfumo ukifanya kazi yake bila kuhitaji mtu mbaya.

Na wanawake?

Kadeti kwa kawaida alitakiwa kumaliza awamu yake ya kwanza, ya miaka miwili au zaidi, akiwa hajaoa. Wake walikuja baadaye, nao waliandika barua zinazoeleza jikoni, bustani, watoto na zahanati kwa undani ambao waume zao hawakuuona. Baada ya Vita vya Pili wachache waliajiriwa wenyewe kama wasaidizi wa utawala. Watoto wa familia hizi walipelekwa shule Uingereza wakiwa na miaka saba au minane, na kuanzia hapo mzazi ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za Jumapili.

Je, Watanganyika waliwahi kushika kazi hiyo?

Ndiyo, lakini kwa kuchelewa sana. Waafrika wa kwanza walianza kuteuliwa kuwa maafisa wasaidizi wa wilaya katika miaka ya 1950, wakati TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa imekwisha kuenea.

## Kutafuta na kutumia barua

Barua hizi ziko wapi sasa?

Mkusanyiko mkubwa uko Oxford. Kuanzia 1963 chuo hicho kiliendesha mradi wa kuwaomba waliokuwa watumishi wa makoloni watoe barua, shajara na picha zao. Zilihifadhiwa Rhodes House, na sasa zinasomwa katika maktaba ya Weston. Nyingine zimebaki kwenye familia.

Upande wetu, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya mabomani na vitabu vya wilaya, ambavyo kila DC alitakiwa kuviendeleza kwa kuandika habari za ukoo wa machifu, mipaka, mila na matukio. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila wa serikali. Ushauri wangu ni kuanzia hapa nyumbani. Aliyesoma kwanza kitabu cha wilaya yake ataielewa barua ya Oxford haraka zaidi kuliko aliyefanya kinyume.

Babu yangu alikuwa tarishi bomani. Nitampata?

Katika barua, kwa shida (tazama jibu kuhusu majina). Katika majalada, inawezekana. Tafuta orodha za mishahara, barua za maombi ya kustaafu, hati za mashitaka ambamo tarishi alitoa ushahidi, na ripoti za safari. Kabla ya kwenda, waulize wazee majina yote aliyoitwa, la kuzaliwa, la dini na la utani, pamoja na mabwana aliowatumikia, kwa kuwa majalada yamepangwa kwa mambo ya mabwana.

Ni kweli kwamba Waingereza walichoma nyaraka kabla ya kuondoka?

Ni kweli kwamba mwaka 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, aliagiza nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza au kuwahatarisha waliosaidiana nayo zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Nyingine ziliharibiwa na nyingine zikasafirishwa. Kuwapo kwa zilizosafirishwa kulithibitishwa hadharani mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza, na baadaye majalada kutoka makoloni 37, Tanganyika ikiwemo, yalifunguliwa katika hifadhi ya taifa huko Kew. Barua za binafsi hazikuguswa na agizo hilo, na hapo ndipo zinapopata thamani ambayo waandishi hawakuifikiria.

Je, majibu haya yanahusu pia Kenya, Zanzibar na wakati wa Wajerumani?

Kwa sehemu. Kenya ilikuwa na masetla wengi, na kijana wa huko aliandika akiwa chini ya macho yao. Zanzibar ilikuwa na sultani, na maisha ya afisa yalikuwa ya mjini zaidi. Wajerumani waliwatumia maakida na maliwali, yaani watawala wadogo walioteuliwa nao, kwa namna tofauti, na barua zao zimo katika hifadhi za Ujerumani.

Ninaweza kuchapisha barua niliyoipata?

Karatasi inaweza kuwa mali ya maktaba au yako, lakini haki ya maneno yaliyomo kwa kawaida ni ya warithi wa aliyeandika. Nukuu fupi katika utafiti kwa kawaida haina tatizo. Kwa barua nzima, omba ruhusa. Ikiwa ndani kuna habari za kesi, ugonjwa au unyumba wa familia ya kijijini inayotambulika, waendee na wao pia, hata kama sheria haikulazimishi.

Barua yangu haina tarehe. Nitajuaje ni ya wakati gani?

Anza na bahasha. Stempu zenye kichwa cha twiga na neno Tanganyika zilianza 1922. Zenye sura ya Mfalme George wa Tano na maandishi yanayotaja nchi kuwa chini ya mamlaka zilianza 1927. Kuanzia 1935 stempu zilibeba majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, kwanza kwa sura ya mfalme huyohuyo, kuanzia 1938 kwa sura ya George wa Sita, na kuanzia 1954 kwa ya Malkia Elizabeth.

Bahasha ikiwa imepotea, tazama karatasi. Karatasi moja nyepesi inayokunjwa na kuwa bahasha yenyewe ni ya wakati wa Vita vya Pili au baada yake. Kisha soma anavyosafiri: wapagazi peke yao huashiria miaka ya 1920 au wilaya ya mbali sana, lori la serikali huashiria baadaye, na akitaja mradi mkubwa wa serikali wa kulima karanga huko Kongwa au Nachingwea basi uko katika mwaka 1947 au baada yake, mradi huo ulipoanza. Mwisho, linganisha jina la kituo na orodha za maafisa zilizochapishwa na serikali, kwa sababu vijana hawa walihamishwa mara kwa mara, na kituo kimoja pamoja na DC mmoja aliyetajwa mara nyingi vinatosha kukufikisha kwenye mwaka wenyewe.